Treni ya Abiria 49: Nani Alipe?



Mara nyingi tukikutana huzungumzia vyama na chaguzi. Leo naomba niwapeleke Japani, lakini si kwenye zile treni za kasi ambazo kila mtu anazijua. Nataka kuzungumzia treni ya shamba, ya injini ya dizeli, inayopita mabondeni mara chache kwa siku. Reli yake inaitwa Tadami. Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna suala zito la siasa: huduma ikiwa haileti faida, nani aamue iendelee au ife, na nani alipe?

Reli hii ina urefu wa kilomita 135.2, kutoka Aizu-Wakamatsu, mkoa wa Fukushima, hadi Koide, mkoa wa Niigata. Ilijengwa vipande vipande, cha kwanza kikifunguliwa 1926 na cha mwisho 1971. Kipande baina ya Aizu-Kawaguchi na Tadami kilijengwa khasa kwa kubebea vifaa vya ujenzi wa bwawa la umeme la Tagokura. Kilianza kazi 1957, na mwaka 1963 kikaingizwa katika reli ya taifa.

Shirika la reli la taifa likazama katika madeni. Sheria ya 1980 ikafungua mlango wa kufunga njia zenye abiria wachache na kuweka mabasi badala yake. Tadami ilinusurika kwa vile barabara inayokwenda sambamba nayo mpakani mwa mikoa hiyo miwili hufungwa wakati wa theluji. Mwaka 1987 shirika lenyewe, likiwa na deni la yen trilioni 37 hivi, likavunjwa na kugawiwa makampuni. Tadami ikaangukia mikononi mwa kampuni ya JR East.

Ndugu zangu, Julai 2011, miezi minne tu baada ya tsunami, mvua kubwa ilipiga Fukushima na Niigata. Mto Tadami ulifurika na kuvunja madaraja matatu ya reli. Sehemu nyengine zilitengenezwa, lakini kilomita 27.6 baina ya Aizu-Kawaguchi na Tadami zilibaki zimekatika, na watu wakawa wanapanda basi.

Kampuni ikasema: basi linatosha. Tusiibeze hoja hiyo. Mwaka 2010, kabla ya mafuriko, kipande hicho kilikuwa na wastani wa abiria 49 tu kwa siku! Gharama za matengenezo zilifika yen bilioni 9 hivi. Mfanyabiashara gani angetia fedha zake hapo?

Lakini wenyeji walikuwa na hisabu yao. Hiyo ni milima ambayo vijana wake wamehamia mijini. Katika mji wa Kaneyama zaidi ya nusu ya wakazi wana miaka 65 au zaidi. Waliona kwamba reli ikikatwa katikati, kila upande unabaki mkia usio na kichwa, na watalii wanaokuja kupiga picha madaraja yale juu ya mto hawatakuwa na njia ya kupita moja kwa moja.

Basi walifanya nini? Kulalamika walilalamika, lakini hawakuishia hapo. Mwaka 2017 mkoa wa Fukushima na kampuni walifikia mapatano ya kutenganisha cha chini na cha juu. Cha chini, yaani reli, madaraja na stesheni, kiwe mali ya mkoa. Cha juu, yaani treni na wafanyakazi wake, kibaki kwa kampuni. Gharama za matengenezo ziligawanywa mafungu matatu: kampuni, mkoa pamoja na halmashauri, na serikali kuu, baada ya sheria kurekebishwa 2018. Gharama za utunzaji za kila mwaka, zaidi ya yen milioni 200, mkoa unabeba asilimia 70 na halmashauri 17 za Aizu asilimia 30. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tarehe 1 Oktoba 2022, baada ya miaka 11, treni zilipita tena. Ni safari tatu tu kwenda na tatu kurudi kwa siku katika kipande hicho, lakini abiria wamepita idadi ya kabla ya mafuriko.

Sisemi kwamba mambo yamekwisha. Nauli hazifidii gharama, na wanaolipa kodi wanazidi kupungua na kuzeeka. Julai 2022, miezi miwili kabla ya sherehe, kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwa mara ya kwanza khasara za njia zake za mashamba, moja baada ya moja. Sehemu nyengine nyingi zinangoja zamu yao.

Hata hivyo, kuna jambo hapa la kujifunza. Wenyeji wa Aizu hawakudanganywa kwamba reli yao italeta faida. Waliwekewa tarakimu mezani, wakajua fungu la kila mmoja, na viongozi wao wakatia saini. Khasara inayojulikana na kukubaliwa na anayeilipa ni uamuzi wa umma. Khasara inayofichwa ndiyo inayoua mashirika.

Wenye hoja tofauti, uwanja ni wenu. Naomba kuwasilisha.