Kabla Mzigo Haujaacha Ardhi
Mazungumzo kwa wanaojenga nyumba zao na kukodi vifaa vya kunyanyulia



Si kila anayejenga humudu kukodi kreni. Wengi hukodi winchi ya mnyororo kwa siku moja, wakaifunga kwenye boriti au kwenye stendi ya miguu mitatu, na kijana mmoja akapandisha mzigo ambao watu wanane wasingeuweza. Winchi hiyo haina injini wala umeme. Kwa sababu hiyo watu huidhania kuwa haina hatari. Lakini nusu tani ikianguka, haichagui kama ilipandishwa kwa mkono au kwa mashine.

Ninyi mnaolipia kazi hiyo mnapaswa kuuliza maswali matatu kabla mzigo haujaacha ardhi.

La kwanza: mzigo una uzito gani? Msikisie kwa macho. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tangi la lita 1,000 lililojaa ni tani nzima, kabla ya kuhesabu tangi lenyewe. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina karibu kilo 11. Nondo 100 zapita tani moja. Zege la mita moja ya ujazo hukaribia kilo 2,400.

La pili: kifaa kimeruhusiwa kubeba kiasi gani, na je, ni kizima? Kiwango huandikwa kwenye kibao cha winchi au hupigwa chapa kwenye kulabu. Kifaa kisicho na alama hiyo msikikodi, hata kwa nusu ya bei. Mtengenezaji huacha akiba ya nguvu juu ya kiwango hicho kwa ajili ya mishtuko na uchakavu. Akiba hiyo si ruhusa ya kuongeza mifuko ya saruji.

Kisha kagueni. Kulabu iliyopanuka mdomo, kizuizi cha mdomo kilichovunjika, pete za mnyororo zilizolika, kupinda au kupasuka: kila kimoja kinatosha kurudisha kifaa dukani. Mnyororo wa kunyanyulia hutengenezwa kwa chuma maalumu, na mara nyingi huwa na alama ya 8 au 80. Pete yake iliyokatika haiungwi kwa kuchomelea, wala nafasi yake haichukuliwi na mnyororo wa kufungia geti. Breki ya winchi hushika kwa msuguano. Mnyororo na upakwe mafuta, lakini breki isiguswe nayo.

La tatu: winchi imening'inizwa wapi, na mzigo umefungwaje? Boriti iliyowekwa kubeba paa haikukusudiwa kubeba paa pamoja na tani moja. Mzigo ukining'inia kwa kamba mbili zilizosimama wima, kila kamba hubeba nusu yake. Kamba hizo zikitanuka hadi kila moja ikalala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba hukazwa kwa nguvu sawa na uzito wote. Mnyororo wa winchi wenyewe usizungushwe kwenye mzigo. Tumieni kamba au mkanda wa kunyanyulia.

Majibu yakiridhisha, inueni sentimita chache, msimame, mtazame. Mzigo ukishuka wenyewe, breki imechoka. Mvutaji mmoja akishindwa kuvuta winchi ndogo, asiongezwe wa pili: mzigo umezidi, au kifaa kimekwama. Jeki nayo ni ya kupandisha tu. Kabla mtu hajaingiza mkono chini, mzigo ukae juu ya magogo au vigingi imara. Na asipite mtu yeyote chini ya mzigo uliening'inia, hata kwa hatua mbili.

Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi, vitumiwe na waliofundishwa, wala visipandishe watu isipokuwa vimeundwa kwa kazi hiyo. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inalinda watu walio kazini. Basi mwombeni mkodishaji hati ya ukaguzi, kama mnavyomwomba risiti.

Wengine husema, "Kazi nimemkabidhi fundi, mimi simo." Ndugu zangu, kibarua wa kutwa huona kulabu imepanuka, akanyamaza, kwa kuwa anajua kwamba mlalamikaji haitwi kesho. Neno lake ni dogo kwenye eneo la ujenzi. Neno la mwenye kulipa ni kubwa. Likitamkwa mapema, gharama yake ni nusu siku ya kazi. Likichelewa, hakuna fedha itakayolipa.