Mbwa mzee wa kaka yangu

Leo naomba mnivumilie. Najua wapo kati yenu ambao kwao mbwa ni mnyama wa kurushiwa jiwe. Wapo ambao akiwagusa kwa pua yake hawasali mpaka wamejitoharisha. Na wapo wale wa mitaa yenye kuta ndefu, ambao mbwa kwao ni maandishi tu getini: "Mbwa Mkali". Mimi nataka kuzungumza juu ya mbwa mmoja jike, tena mzee, wa huko kwetu Ngara, aliyeota uvimbe, na jinsi uvimbe huo ulivyoifanya familia nzima ikeshe ikibishana.

Mbwa huyo aliitwa Mtasema. Kwetu jina la mbwa mara nyingi ni barua. Mtu hamwendei jirani yake na kumwambia usoni. Humwita mbwa wake jioni kwa sauti kubwa, na jirani akasikia yaliyomo. Kaka yangu alipohamia kiwanja kipya upande wa Rulenge maneno yalikuwa mengi, naye akatafuta mtoto wa mbwa akampa jina hilo. Maneno yalikwisha, mbwa akabaki. Umri wake tuliujua kwa sababu aliletwa nyumbani mwaka ambao kitinda mimba wa kaka alianza darasa la kwanza, na kijana huyo sasa alikuwa kidato cha nne. Miaka kumi na ushee basi. Kwa mbwa wa kijijini, anayelala nje na kula makombo, hicho ni kikongwe.

Nilifika kwa likizo mwezi Juni 2023. Uvimbe ulikuwa kwenye chuchu ya nyuma upande wa kushoto, mkubwa kama yai la kuku wa kienyeji. Shemeji aliniambia kuwa ulianza mwaka uliotangulia, ukiwa kama punje ya haragwe. Mbwa alikuwa bado anakula, na mkia bado anautikisa. Lakini usiku hakuwa tena akilizunguka zizi. Alibweka akiwa amelala. Na zizi lenyewe, msikilizaji, lilikuwa na mbuzi kumi na wanane, katika nchi ambayo fisi hupita na wezi wa mbuzi nao hupita, tena wezi hao hawapigi kelele kama fisi.

Jioni ile likaitishwa baraza. Jirani mmoja akashauri uvimbe uchomwe kwa kisu chenye moto. Mwingine akamtaja mganga wa upande wa Nyakahura, Biharamulo, mwenye unga wa mizizi. Kijana wa mgambo akasema kwa upole kabisa kwamba risasi moja ingemaliza maneno yote. Mimi mtu wa mjini nikasema kubwa kuliko wote: apakiwe kwenye gari, apelekwe Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kaka aliniangalia tu. Ngara hadi Morogoro ni kuikata nchi kuanzia mpaka wa Burundi hadi karibu na pwani.

Mama alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai. Akasema, "Mguu wangu unaniuma tangu masika, wala sikuona mtu akiniitia baraza." Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaona aibu, kwa sababu maneno yale hayakuwa mzaha. Kesho yake asubuhi mama alipelekwa hospitali ya Murgwanza kuangaliwa mguu, na hilo nalisema mapema ili nisije nikaandikiwa barua. Likabaki suala la mbwa.

Kaka akampigia simu bwana mifugo. Alikuja na pikipiki, akamwamkia mama shikamoo, na kabla hajamgusa mbwa akaomba kuona cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kilikuwepo, kimekunjwa ndani ya daftari la mahari. Ndipo akachuchumaa.

Nilimtazama sana yule bwana alivyofanya kazi, maana hakuwa na mashine yoyote zaidi ya vidole na masikio. Aliusukuma uvimbe huku na huku kuona kama unateleza chini ya ngozi au umeshikamana na nyama. Uliteleza. Akaupima kwa utepe: sentimita nne na nusu. Akapapasa kinena kutafuta mitoki, hakuipata. Akampapasa chuchu zote, za mbele hadi za nyuma, akakuta kijiuvimbe kingine kidogo ambacho sisi hatukuwa tumekiona. Kisha akaweka kipimo kifuani na kusikiliza muda mrefu, kwa sababu kansa ya matiti ya mbwa, ikisafiri, hupenda kwenda kwenye mapafu, na mbwa ambaye tayari anahema kwa shida akiwa amelala kivulini hafai kupasuliwa. Huyo hutunzwa tu asiteseke.

Alipomaliza akatuambia jambo ambalo mimi sikulijua. Kati ya uvimbe wa matiti unaowaota mbwa majike, takriban nusu si kansa yenye kusambaa. Nusu nyingine ndiyo mbaya. Ule ambao haujazidi sentimita tatu una matumaini zaidi. Wetu ulikuwa umeshapita hapo. Na kwa macho hakuna bingwa awezaye kusema huu ni upi, mpaka ukatwe na kipande chake kiangaliwe kwa hadubini. Akaongeza kuwa mbwa jike akitolewa kizazi angali mdogo, kabla ya joto lake la kwanza, hatari hii hupungua mno. Kisha akacheka mwenyewe: "Lakini ushauri huo umechelewa miaka kumi."

Yule wa mgambo hakuridhika. Akauliza, kwani kansa si kansa? Bwana mifugo akamjibu kwa kisa cha Lusahunga, pale Biharamulo ambapo malori ya Rwanda na Burundi husimama. Kulikuwa na dume moja kwa fundi wa pancha, nalo limezeeka. Lilitoka damu sehemu za siri na nyama imechomoza kama ua la koliflawa; inzi wamejaa, harufu haivumiliki. Wateja walimtaka fundi alimalize. Kumbe ule ulikuwa ni ugonjwa wa aina yake: kansa inayoambukizwa mbwa kwa mbwa wakati wa kupandana, na wakati mwingine kwa kunusana au kulambana. Binadamu haimpati. Wataalamu waliochunguza vinasaba vyake wamegundua kwamba chembe zote za kansa hiyo duniani zinatokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mwenyewe alishakufa, kansa yake bado inatembea. Mwaka 1876 daktari wa wanyama wa Kirusi, Novinsky, aliihamisha kwa makusudi kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na huo ukawa mwanzo wa majaribio ya namna hiyo.

Sasa sikilizeni ajabu. Uvimbe huo wa kuchukiza ndio mwepesi kupona. Dawa yake ni vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, na mbwa wengi sana hupona baada ya sindano nne hadi nane, hata wakiwa wazee. Dume la fundi wa pancha lilipona kwa sindano tano. Ni dawa ya kuheshimiwa: ikimwagika nje ya mshipa huiozesha nyama, na mkojo wa mbwa aliyechomwa haufai kushikwa bila glovu wala kuchezewa na watoto. Lakini inaponya. Nayo asili yake ni mmea ambao wengi wenu mnao mbele ya nyumba bila kuujua, ule wenye vijiua vya pinki au vyeupe uliotoka Madagaska. Dawa hiyo hiyo hutumika kwa watoto wetu wenye uvimbe wa taya, ule ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958. Nao hutisha kuutazama, nao husikia dawa.

Vinkristini haikuwa dawa ya Mtasema. Uvimbe wa matiti hauisikii namna hiyo. Wake ulikuwa wa kisu. Lakini kisa kile kilimnyamazisha mgambo, na kilininyamazisha na mimi, kwa kuwa wote wawili tulikuwa tumeshatoa hukumu kabla ya kujua tunachokihukumu. Yeye alitaka kuua kwa sababu ya neno kansa. Mimi nilitaka safari ya kuvuka nchi kwa sababu ya neno hilo hilo.

Ikaja gharama. Nusukaputi, nyuzi, dawa za usaha, mafuta ya pikipiki ya kuja na kurudi: jumla ilikuwa karibu na bei ya mbuzi. Nilitia mkono mfukoni. Kaka akanizuia. "Mdogo wangu," akasema, "huyu amelinda mbuzi kumi na wanane. Mmoja atamtibu." Akauza beberu, na kupasuliwa kukafanyika asubuhi iliyofuata juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye mabenchi mawili, kwa vile shemeji aliikataza meza ya kulia, na alikuwa na haki. Uvimbe wote miwili uliondolewa. Ili asilambe nyuzi, ndoo ya plastiki ilikatwa kitako akavishwa shingoni, na kwa siku kumi watoto wa kijiji walikuja kumtazama Mtasema kama wanakwenda sinema.

Hapo niseme kosa langu dogo. Nilikuwa na vidonge vya diklofenaki kwa ajili ya mgongo wangu, na usiku ule mbwa alipolia nilimega kimoja nikataka kumpa na uji. Bahati bwana mifugo alikuwa bado anakunywa chai. Alinipokonya. Dawa za maumivu za watu, zikiwemo diklofenaki na ibuprofeni, humtoboa mbwa tumbo na kumharibia figo, na mbwa mzee ndiye wa kwanza kufa nazo. Zipo zake, kwa uzito wake.

Kipande cha uvimbe kilikatwa chembamba, kikatiwa kwenye chupa ya fomalini, na mimi ndiye niliyekibeba. Nilisafiri na chupa ile ndani ya soksi, ndani ya kiatu, ndani ya begi, Benaco, Lusahunga, Kahama, Singida, Dodoma, nikashuka Morogoro na kuikabidhi chuoni. Kwa hiyo ile safari niliyoitaka ilifanyika, ila mbwa alibaki nyumbani kwake.

Majibu yalikuja Agosti. Yalikuwa mabaya. Uvimbe mkubwa ulikuwa kansa, na chembe zake zilifika hadi ukingoni mwa kipande. Daktari alinieleza kwa simu kwamba ingewezekana kumpasua tena na kuondoa mstari mzima wa chuchu za upande ule, au kujaribu dawa za kansa, ambazo kwa ugonjwa huo hazina uhakika, au kumwacha na kumwangalia.

Nilimpigia kaka, nikaanza kumshawishi apasuliwe tena, fedha nitatuma. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, "Kwa sasa anaumwa?" Nikamwambia sijui, wewe ndiye uko naye. "Basi mimi naona haumwi. Jana amemkimbiza kicheche. Umri wake umebaki mwaka, labda miwili, hata angekuwa mzima. Nikimlaza tena juu ya mlango, mwezi mzima ni wa ndoo shingoni. Unataka nimnunulie siku au nimchukulie siku?" Sikuwa na jibu. Niligundua pia, na hili sikumwambia, kwamba fedha niliyotaka kutuma ilikuwa zaidi kwa ajili yangu, mtu anayekaa mbali na kulipa kwa simu madeni yasiyolipika kwa simu.

Wakaelewana na bwana mifugo vitu vya kuangalia: kula, kunyanyuka mwenyewe, kuhema akiwa amelala, na kama bado anakwenda zizini jua likizama. Siku mbaya zikizidi nzuri, apigiwe simu, usiku au mchana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumwacha mnyama ateseke bila sababu, lakini nadhani kaka hakuwa akiifikiria sheria.

Mtasema alipata miezi saba. Kwa maelezo ya shemeji, karibu yote ilikuwa mizuri. Mwishoni mwa Februari 2024 alianza kukohoa, na wiki ya pili ya Machi, mvua zikinyesha, alilala mlangoni mwa zizi akihema kwa mdomo wazi, akaletewa chakula akakigeuzia uso. Kaka alipiga simu alfajiri. Bwana mifugo alikuja na sindano, pikipiki imejaa tope hadi kwenye taa. Kaka alimshika kichwa mwenyewe, hakutaka mtu mwingine. Alimzika nyuma ya migomba, shimo refu, ili fisi wasimfukue.

Usiku huo mbuzi wote walilazwa jikoni.