Ushanga Mmoja, Mtu Mmoja
(Maneno kwa akina mama kabla ya kuanza kazi ya kitambaa cha ukumbusho wa miaka 100)



Wapo wasemao kwamba wazee wetu hawakuweka hesabu kwa kuwa hawakuandika. Neno hilo si kweli. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alifika katika nchi hii ya Wamakonde, akakaa Newala na Mahuta. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni kamba ya gome yenye mafundo 11, ambayo msafiri alimwachia mkewe. Fundo la kwanza lilikuwa siku ya kuondoka, la tano siku ya kufika, la saba siku ya kuanza kurudi, na la 11 siku ya kuingia nyumbani. Kila siku mke alifungua fundo moja, na siku ya kumi akaandaa chakula.

Kamba ile ilikuwa kalenda, tena ilikuwa ahadi. Mmoja alifunga, mwingine akafungua. Fundo la mwisho likifunguliwa na mtu hajaonekana, nyumba ilijua kwamba yuko wa kutafutwa.

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Waluba wa Kongo walikuwa na lukasa, ubao uliopambwa kwa shanga na makombe, ambao wajuzi waliugusa kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme. Nayo Maandiko, katika Kutoka 28, yanaeleza kifuko cha kifuani cha Haruni: mawe 12, kila jiwe na jina la kabila lake. Kabila dogo halikunyimwa jiwe.

Basi, akina mama, katika kitambaa chetu ushanga mmoja uwe mtu mmoja aliyeandikwa katika vitabu vya usharika. Kila safu iwe miaka 10. Rangi moja iwe ya waliobatizwa wakiwa watoto, nyingine ya waliobatizwa wakiwa watu wazima. Safu nyingine zitakuwa fupi. Msizirefushe ili kitambaa kipendeze, kwa maana ufupi wake nao ni habari, na wajukuu wetu watauliza sababu yake.

Tena wapo watoto waliofariki kabla ya kubatizwa. Vitabu vyetu havikuwaandika, lakini mama zao wanaijua idadi yao. Naomba upindo wa chini uachwe wazi kwa ajili yao. Mama atakayependa, atunge ushanga wake hapo; asiulizwe neno.

Mwisho, andikeni maana ya kila rangi na kila safu, mwihifadhi pamoja na kitambaa. Wainka wa Peru waliweka hesabu za dola yao katika kamba za mafundo. Wasomaji wake walipotoweka, tarakimu nyingi zimeweza kusomwa tena, lakini habari nyingine zimebaki bubu hata leo. Kitambaa hakitachukua nafasi ya kitabu, wala kitabu hakitachukua nafasi ya kitambaa. Kitabu hukaa kabatini; kitambaa kitakuwa mbele ya macho yetu kila Jumapili, kikituuliza walipo wale tuliowahesabu.

Bwana na aibariki mikono yenu. Amina.