Safari ya Polepole Katika Nchi ya Rubisi



Huko Ufaransa na Italia iko desturi ipendwayo na wageni: mume na mke huzunguka katika mashamba ya mizabibu pasipo haraka, wakila chakula kizuri na kuonja mvinyo pale pale utengenezwapo. Sisi wawili, mume na mke, tuliposikia habari hizo tuliona hakuna haja ya kuvuka bahari. Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, mgomba ndio mzabibu, na rubisi ndiyo mvinyo. Basi tukatoka Bukoba kwenda Muleba. Mwenye motokaa huimaliza safari hiyo katika asubuhi moja. Sisi tuliifanya kwa siku nne.

Bukoba ni mji wa ukingoni mwa ziwa, ambapo Emin Pasha aliwawekea Wadachi kituo mwaka 1890. Tulifika mwezi wa Novemba, wakati wa mvua, nao ndio wakati wa senene. Usiku watu huwasha taa kali mbele ya mabati, na wale wadudu wa kijani huijia nuru, wakateleza juu ya bati na kutumbukia katika mapipa. Hung'olewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Mmoja wetu ni mzaliwa wa pwani, akasitasita. Walakini alipokwisha kuonja, sahani haikukawia kuwa tupu.

Asubuhi tulipewa buni za kutafuna, zilizochemshwa na kuanikwa, kwani huko kahawa ilikuwa ya kutafunwa na kukirimiwa wageni kabla Mzungu hajaileta habari ya kuinywa. Ndani ya tunda moja mna buni mbili. Zamani watu waliofanya udugu wa damu walikula buni hizo pamoja na damu, kila mmoja ya mwenziwe. Sisi tukagawana tunda moja, pasipo damu.

Tukapita Kemondo na Muhutwe, kisha tukapanda Kamachumu. Hapo ndipo tulipotambua jambo ambalo mpita njia wa haraka halioni. Nchi ile kwa asili yake si nono. Nje ya vijiji lipo rweya, yaani uwanda wa majani matupu, udongo wake hafifu. Kibanja, lile shamba la migomba, kahawa na maharagwe lizungukalo nyumba, limefanywa kwa mikono: vizazi kwa vizazi wamekata majani ya rweya, wakayatandaza chini ya migomba, wakaongeza samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni. Mtu akiacha kazi hiyo, kibanja hurudi kuwa rweya.

Mzee mmoja alitukaribisha kwake. "Karibuni, wanangu," alisema, "leo twakamua." Ndizi za pombe zilikuwa zimeivishwa siku kadhaa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba. Zikamenywa, zikamwagwa katika mtumbwi wa mti, kwa Kihaya obwato, neno lile lile la chombo cha ziwani. Vijana walionawa miguu sawasawa wakazikanyaga pamoja na majani makavu, mpaka maji matamu yakatoka. Yakachujwa, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani. Siku ya pili tuliletewa kibuyu. Rubisi ina utamu mwanzoni na ukali kidogo mwishoni, na harufu ya moshi wa mbali. Iko pia pombe kali inayopatikana kwa kuchemsha rubisi na kukusanya mvuke wake. Hiyo sheria yaikataza kwa asiye na ruhusa, nasi hatukuitafuta.

Tulipomwuliza mzee kwa nini upande mmoja wa kibanja chake haukuwa na mgomba hata mmoja, alijibu kwa neno moja: mnyauko. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaonekana Tanzania, kwanza katika wilaya hiyo hiyo ya Muleba. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zimeoza. Dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa hakuna. Wadudu huuchukua kutoka ua hata ua, na baadhi ya ndizi za pombe huumia upesi zaidi, kwa kuwa maua yake yaangukapo huacha vidonda vibichi. Na kisu huuchukua vile vile: mnunuzi wa ndizi akatae mkungu hapa kisha kule, kwa kisu kile kile, huenda akaacha kifo nyuma yake. Hivyo njia ya rubisi ilikuwa pia njia ya mnyauko.

Mzee huvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na mgomba mgonjwa huung'oa pamoja na shina lake. Wanunuzi hawawaachii kukata, hukata mwenyewe.

Jioni ile alikwenda kutukatia mkungu wa chakula. Kwanza aliushika upanga juu ya moto, pande zote mbili, akasubiri, ndipo akatoka. Ndizi zikapikwa na maharagwe katika chungu kimoja, zikaletwa juu ya jani, pamoja na samaki wa ziwani. Tulikula mpaka usiku, na kesho yake tukashuka Muleba mjini.