Tuiandike Mimea ya Ngitili Zetu

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia, Ibadakuli, Shinyanga)



Wote mnaifahamu ngitili: eneo linalofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili nyingi zilikuwa zimetoweka. Ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, na watafiti walikuta humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo.

Je, ngitili ya kijiji chako ina aina ngapi? Tusipoandika, hatutajua kilichopotea shoka na tanuru la mkaa vikipita.

Kazi yenyewe hufanyika hivi:

1. Omba ruhusa kwa mwenye ngitili au serikali ya kijiji.

2. Pima kwa kamba kipande cha mita 20 kwa 20. Hesabu kila aina iliyomo, na mwakani rudia palepale.

3. Kata kitawi chenye majani pamoja na maua au matunda. Kibane kwenye magazeti kati ya mbao mbili, na ubadilishe magazeti kila siku hadi kikauke.

4. Andika siku hiyohiyo: namba ya sampuli, tarehe, mahali, aina ya udongo, urefu wa mti, jina la Kisukuma na aliyelitaja. Usisahau rangi ya ua, maana ikikauka hupotea.

Jina peke yake halitoshi. Mimea miwili yaweza kuitwa jina moja, na mmea mmoja ukawa na jina jingine kijiji cha pili. Kwa anayechemsha mizizi kuwa dawa, kukosea hapo ni hatari kwa uhai. Sampuli iliyokaushwa vizuri humwezesha mtaalamu wa hifadhi ya taifa ya mimea, iliyoko Arusha, kuthibitisha ni mmea gani. Lakini ujuzi wa dawa ni mali ya mganga. Usiuandike bila idhini yake.

Napendekeza kila parokia iteue vijana wawili na mzee mmoja anayeijua mimea. Gharama ni daftari, kamba, mbao na magazeti ya zamani. Wazee wanaoyajua majina haya wanapungua, basi tuanze kiangazi hiki.