Kabla ya Kuanza Gemu

Juzi nilimkuta mpwa wangu wa chuo ameweka gemu mpya, The Last of Us Part II ya mwaka 2020. Gemu haichezwi, kijana anasoma mipangilio! Nikamwambia, "Anza basi!" Mwenye haraka nilikuwa mimi.

"Subiri kidogo, mjomba."

Huyu kijana hasikii kwa sikio la kushoto. Akawasha maandishi ya mazungumzo, akayakuza, akaweka jina la msemaji na mshale wa kuonyesha yuko upande gani. Muziki akaupunguza, sauti za watu akaziacha juu. Gemu hiyo ina mipangilio zaidi ya 60 kwa wasioona vizuri, wasiosikia na wenye mikono dhaifu.

Nikakumbuka mwaka jana, kwenye gemu nyingine, nilivyomharakisha. Maagizo yalitoka kwa sauti tu, akashindwa kila mara, nami, mjomba mzima, nikamwita mzembe mbele ya wadogo zake. Kumbe maandishi yalikuwamo, yamezimwa.

Safari hii nilivuta kiti, nikangoja. Baadaye nikamwomba radhi. Akacheka, akaniambia ninyamaze, adui anakuja.