Kura ya Kulamawe Haipigwi Doha

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa bila kulala, ahsanteni.

Agosti 2022 Qatar ilipata kituo cha kupigia kura za Kenya kwa mara ya kwanza. Aliyepiga kura hapa alipewa karatasi moja tu, ya Rais. Siku ileile, mpigakura wa kwetu Kulamawe, Isiolo, alishika karatasi sita, na ya mwakilishi wa wadi (MCA) ndiyo iliyo karibu zaidi na kiu yetu: maji ni kazi ya kaunti, na bajeti ya kaunti hupitishwa na MCA. Sisi kila kiangazi tunachangishana pesa za boza la maji. Jasho letu la Ghuba linalipia kazi ambayo mtu alishachaguliwa aifanye.

Karatasi hizo sita ni haki ya wadogo zetu, na wengi hawazishiki. Hesabu ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya 2022 ilionyesha kuwa vijana waliojiandikisha nchini walipungua kwa asilimia 5.27 kulinganisha na 2017. Msiniambie ni uvivu. Kijana wa kaskazini alisimamishwa mbele ya kamati ya uhakiki, akaulizwa babu yake ni nani, ndipo afikiriwe kupewa kitambulisho. Mambo hayo yaliendelea hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotia saini kule Wajir kuyakomesha. Halafu uchaguzi wenyewe huja Agosti, wakati wa kiangazi, kijana yuko fora, kambi ya malisho, na ng'ombe, mbali na kituo alichojiandikisha. Akienda kupiga kura, mifugo amwachie nani?

Wazee, hili nalisema kwa heshima. Mei 1963 watu wengi wa NFD, wilaya ya mpaka wa kaskazini, walisusia uchaguzi. Walikuwa na sababu zao, siwalaumu. Lakini Desemba mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa, na sheria zake zikatukalia hadi 1991. Waliopitia daaba, ile miaka ya kufungiwa kambini Garba Tulla, wanajua uchungu wa kuamuliwa mambo huku sauti yako bungeni ni ndogo. Kwa hiyo viti vikigawanywa kwa koo, na kijana akaitwa baadaye kubeba bango tu, naona tunarudia kumnyamazisha sisi wenyewe.

Na kugombea anaweza. Linet Chepkorir alishinda kiti cha mwakilishi wa wanawake Bomet mwaka 2022 akiwa na miaka 24. Ada ya tume kwa kijana anayewania UMCA ilikuwa shilingi 2,500, nusu ya ada ya kawaida. Kinachomshinda ni mafuta ya gari na gharama za mchujo wa chama.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Naomba sehemu ya mchango wetu iwe nauli ya walio fora na ujira wa wachungaji watakaowashikia mifugo siku hiyo, bila kuuliza kura itakwenda kwa nani. Katibu ana daftari pale mlangoni. Andika jina la mdogo wako, na kama ana kitambulisho au bado.